Dada Aliyelifuta Neno "Hajambo"

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, na nikikwama mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba za reli nyuma ya karakana, mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni na fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaa huo huo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1993 akahitimu udaktari wa mifugo, ingawa mama alitaka daktari wa watu, akamnunia wiki nzima.

Aliajiriwa kliniki ya mifugo karibu na soko la mbao, na huko akaanza kupima kama mbwa wa nyumbani anaishi vizuri, kwa kumpa mwenye mbwa dodoso la maswali, maana mbwa mwenyewe hasemi. Swali la kwanza lilikuwa, mbwa wako hajambo, na wote wakajibu hajambo, hata yule aliyemleta mbwa wake kwenye toroli. Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalifuta neno hilo, akauliza, leo amekupokea mlangoni, amekula kwa hamu au kwa kubembelezwa, anapenda kulala wapi? Wenzake walimtania wakamwita Mama Maswali, lakini mbwa wengi waliodhaniwa wamezeeka tu, kumbe wana maumivu, walipata dawa.

Tarehe 14 Juni 1997 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yangu yule pale, aliyejaza kwenye dodoso kwamba mbwa wake ana raha kuliko yeye, wakajaliwa binti na mvulana, ambao nyumbani hawakuruhusiwa kusema sijambo bila kueleza.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na jamani, mtu huyu huyu akaanza kutujibu sijambo, nasi tukang'ang'ania matibabu yaendelee, maana tulipenda kusikia hivyo. Binti yake ndiye aliyeketi kitandani hospitalini akamsomea dodoso lake mwenyewe, na dada, ambaye hakuweza kulidanganya, akajibu hapana, hapana, na alipoulizwa anapenda kulala wapi, akasema nyumbani, karibu na mlango.

Tulimrudisha siku hiyo hiyo, kitanda tukakiweka sebuleni, na kila aliyeingia alimpokea kwa kuinua mkono. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, niliingia mimi, mkono haukuinuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti na kukesha nasi, wenzake wa kliniki, na wenye mbwa wote mliofika. Mkituuliza hali hapo nje, msitegemee tuseme hatujambo, hatuwezi, yeye mwenyewe alitukataza.

Dada yangu, pumzika kwa amani.