Juliet Auma Hakulishwa Sumu

Juliet Auma alizaliwa tarehe 9 Juni 1988 huko Nabuyoga, wilaya ya Tororo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Bartholomew Ofumbi na Loy, mama yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi Nabuyoga, kisha akaenda Tororo mjini hadi kidato cha nne. Mwaka 2007 alijifunza ushonaji, akafungua kibanda sokoni Busia. Alishona sare za watoto wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Mzazi akileta kitambaa kifupi, alimuuliza, "Mama, huyu mtoto umemwambia aache kukua?"

Mwaka 2011 aliolewa na Allan Egesa wa hapa Busia. Walipata watoto wawili, Herbert na Arnold.

Mwaka 2018 vidole vyake vilianza kuvimba kila asubuhi, na tumbo likawa linawaka moto. Sokoni walimcheka: "Fundi, hivyo ni vidole ama tangawizi?" Wateja wakahama. Mwaka 2020 Allan alioa mke wa pili, Damalie, na hapo watu wakapata jibu lao: Juliet amelishwa sumu na mke mwenzake. Kwamba aliugua kabla Damalie hajakanyaga boma hili, hakuna aliyejali.

Mama yake alikuja kumuuguza, akawa anaonja kila sahani iliyotoka kwa Damalie. Juliet alimwambia, "Mama, ukionja hivyo wewe utashiba, mimi nitakufa njaa." Damalie alicheka mpaka akakaa chini. Ndiye aliyemwosha Juliet, na ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni, vifungo ambavyo Juliet alivishona mwenyewe na sasa hakuweza kuvishika.

Hospitalini Tororo daktari alisema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili huohuo. Tumboni alikuta kidonda na bakteria ambao huingia kwa mdomo, na ambao wengi wetu tunao bila kujua. Alisema wapo wataalamu wanaodhani kinga ikipigana na bakteria hao inaweza kukosea na kuvipiga viungo, ila bado hawana hakika. Alimpa vidonge na kusema, "Umeze vyote, usiache katikati."

Aliachishwa katikati. Shangazi yake Allan alisema, "Sumu ya kulishwa haitoki na vidonge." Mapema Januari mwaka huu wa 2025 walimbeba hadi kwa mganga, akamnywesha dawa ya kutapisha. Juliet alitapika damu. Mganga akasema, "Mnaona? Inatoka." Wakapiga makofi.

Alifariki tarehe 11 Januari, akipelekwa hospitali.

Ameacha mume, Allan, watoto, Herbert na Arnold, mama, Loy, dada, Amulen, na mke mwenzake, Damalie, ambaye mmemkataza kusogelea jeneza. Jikoni hamkumkataza. Chai na maharagwe mliyokula tangu matanga yaanze amepika yeye. Hata nyama inayowangoja sasa hivi amepika yeye, na mama yake Juliet anawajua: mtakula.

Mungu ampumzishe Auma mahali ambapo hakuna atakayemtapisha.