Mwalimu Gervas Aliyemaliza Kila Sahani

Mwalimu Gervas Kamugisha anastaafu leo, Jumamosi tarehe 13 Juni 2026, baada ya miaka ishirini na moja ya kufundisha Kiswahili katika Shule yetu ya Jumamosi hapa Bladensburg, Maryland. Nasema leo, na safari hii ni kweli. Mara mbili tumemkatia keki ya kumuaga, mara mbili keki ikaliwa ikaisha, na Jumamosi iliyofuata huyo hapo mlangoni na chaki zake. Keki ya leo nimeioka mwenyewe. Sioki nyingine.

Kamati imenipa mimi kazi hii ya kuandika kwa sababu nimekuwa jikoni miaka yote hiyo na hakuna aliyemwona akila mara nyingi kuliko mimi. Shule yangu ni fupi, mnajua. Mtakaokuta kosa mlinyamazie.

Mwalimu alizaliwa Bukoba, Tanzania, akasomea ualimu huko huko. Alipofika Marekani akapata kazi Washington, ya kufundisha watu wazima wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Afrika Mashariki. Hiyo ilikuwa ya mshahara. Ya kwetu ilikuwa ya bure. Jumamosi, badala ya kulala kama watu, alishuka ngazi za chumba cha chini cha kanisa kuwafundisha watoto wenu. Walimu wengine walikuja wakaenda: huyu shifti zimebadilika, huyu gari limekufa, huyu amehamia Texas. Yeye alikuja hata theluji ikiwa magotini. Siku moja tulikuwa yeye, mimi na mtoto mmoja wa mwanangu Mutai. Akafundisha somo zima na kazi ya nyumbani akatoa. Yule mtoto amenuna mpaka leo.

Sasa niwaambie kwa nini zile keki mbili za kwanza zilipotea bure. Daktari wa moyo alimwambia apumzike, tena si mara moja. Lakini kamati nayo ilikuwa imesema wazi kwamba siku Mwalimu akiondoka bila mtu wa kushika darasa, shule inafungwa. Akatafutwa mtu. Kila mmoja wenu aliyeombwa alikuwa na sababu nzuri sana. Basi Mwalimu akaweka dawa mfukoni, akarudi.

Na darasa lenyewe zamani lilikuwa la kukatisha tamaa. Watoto walisikia kila neno, kisha wakajibu Kiingereza. Unamwambia mtoto alete kikombe, kikombe analeta, mdomo hauleti kitu. Audrey, binti ya Shiku, ndiye aliyekuwa kinara wao. Mwaka mzima huyo msichana hakutamka Kiswahili hata cha kuomba maji. Sikuwalaumu watoto, niliwalaumu wazazi, na leo pia nawalaumu. Nyumbani mnaongea nao Kiingereza cha kuungaunga, halafu mnatuletea sisi tuwafanyie muujiza kwa saa tatu.

Mwaka 2018 chuo kimoja cha mkoa wa Yunnan, huko China, kilimwalika Mwalimu akafundishe Kiswahili mwaka mmoja. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, wanawe wakubwa, kazini Washington wakampa ruhusa. Akaenda. Mjukuu wangu akaniwekea kwenye simu ile programu ya Wachina ya kupigiana simu, na ndiyo maana maisha yake ya huko nayajua kama nilikaa naye. Kwangu ikiwa jioni, kwake ni asubuhi, anakwenda darasani.

Walimpa chumba ghorofa ya tano, lifti hakuna, ngazi tupu, na chupa mbili za kuwekea maji ya moto. Huko maji ya baridi hawakupi, wanaona wanakuumiza. Asubuhi alikula tambi za mchele kwenye supu, amesimama kibandani na wenye kwenda kazini. Jioni wazee walicheza ngoma uwanjani chini ya nyumba yake, akawa anapita pembeni, mpaka mama mmoja akamshika mkono akamwingiza kwenye mstari. Baada ya hapo akikosa jioni moja walimuuliza alikuwa wapi. Wanafunzi wake walijichagulia majina ya Kiswahili, mmoja Subira, mwingine Tumaini, na kila asubuhi walimwamkia shikamoo. Wazazi, nirudie hapo? Mtoto wa Yunnan anasema shikamoo, na wa kwako hapa Maryland ananipita jikoni na masikio yamezibwa na muziki.

Lakini kula peke yake hawakumruhusu. Mwenyeji wake, Mwalimu Lin, mwanamke anayefundisha chuo hicho hicho, alimchukua nyumbani kwake kila Jumapili. Meza ya duara, katikati kuna kioo kinachozunguka, vyakula juu yake kumi na kitu, na hakuna anayejipakulia kwanza. Jirani yako ndiye anayekuwekea. Mama yake Mwalimu Lin, bibi wa makamo yangu, ndiye aliyekaa karibu na Mwalimu wetu, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mwalimu amelelewa kama mimi nilivyolelewa. Chakula cha watu unamaliza. Ukibakisha umemtukana mpishi. Basi bibi anaweka, Mwalimu anamaliza. Bakuli likiwa tupu bibi anashtuka, anaona mgeni ana njaa, anaweka tena. Mwalimu anamaliza tena, kwa heshima. Jumapili moja wakaleta panzi wa kukaanga, nadhani walitaka kumwona mgeni akikunja uso. Mhaya wa Bukoba huyo! Kwao senene, panzi wa kwao, ni chakula cha sikukuu, wanangojwa kama mvua. Akala sahani nzima na machozi ya furaha. Habari ikaenea chuoni. Kuanzia wiki ile, kila nyumba aliyoalikwa walimkaangia panzi, na kila nyumba akawamaliza.

Akanipigia akiwa ameegemea ukuta, tumbo limemshinda. Mwalimu Lin alikuwa ameshamweleza siri yenyewe: huko ukishiba unabakisha kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachosema umenilisha vizuri, inatosha. Nikamwambia basi bakisha, wewe mzee. Akanijibu, "Mama Mutai, najaribu. Mkono unakataa."

Nilimgombeza sana siku hiyo. Haikusaidia. Mwaka mzima hakubakisha hata punje.

Mwaka mpya wao ulipofika alikwenda na kina Lin kijijini kwao. Alipofungua mlango akakuta sakafu yote imetandikwa majani mabichi ya msonobari, harufu imejaa nyumba, na chakula kimewekwa hapo hapo juu ya majani, watu wamekaa chini. Akasimama mlangoni hakuingia. Wakadhani amechukia kukaa chini. Kumbe kwao Bukoba sikukuu ikija nyumba hutandikwa nyasi mbichi hivyo hivyo, na tangu mama yake azikwe hakuwa ameziona tena. Yule bibi akainuka, akamfuata mlangoni. Alimvuta mkono akamkalisha, akamwekea nyama bakulini. Na mnajua alifanya nini na ile nyama. Akamaliza.

Aliporudi kwetu mwaka 2019 hakuleta zawadi, alileta ile meza. Kipngetich anayekaa Manassas, fundi seremala, akamtengenezea duara la mbao linalozunguka, tukaliweka chini kule kanisani. Sheria ikawa ya Yunnan. Hakuna kujipakulia. Unamwomba jirani yako kwa jina na kwa adabu, kwa Kiswahili, naye anakuwekea. Ukisema Kiingereza, meza inazunguka inakupita. Mimi nilipika pilau na chapati, na nilipika makusudi wakati wana njaa.

Jumamosi ya kwanza Audrey alikaa kimya, mikono kifuani. Chapati zikampita. Zikampita tena. Shiku, mama yake, alikuwa ngazini anachungulia, akataka kuingilia, nikamzuia na mwiko. Zilipopita mara ya tatu yule msichana akamgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Kiplagat, naomba chapati. Mbili." Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka. Akapewa tatu.

Tangu hapo darasa likawa darasa. Corona ilitufunga, tukarudi, meza ikazunguka. Wapo waliotoka pale wanaongea na nyanya zao Eldoret na Musoma kwa simu bila mkalimani. Hayo ndiyo mafanikio ya Mwalimu, mengine ya vyeti waandike kazini kwake.

Mwezi wa pili mwaka huu, akishuka ngazi, alikaa chini katikati, mkono kifuani, chaki zikamwagika. Niliziona zikibingirika mpaka mlango wa jikoni kabla sijamwona yeye. Watoto walikuwa wameshakaa. Mwalimu anasema ni pumzi tu, anataka ainuke. Audrey siku hizi ni nesi, na asubuhi hiyo alikuwa amemleta mdogo wake. Akapiga simu ya gari la wagonjwa, akampima mapigo, na mzee alipozidi kusukumana naye akamshika bega.

"Mwalimu, kaa," akamwambia. "Leo nafundisha mimi. Na Jumamosi ijayo. Nimeshaomba kazini wanibadilishie shifti, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Kwa Kiswahili, alisema yote. Mwalimu akaacha kusukuma.

Moyo wake umetibiwa, tunashukuru. Kamati imempokea Audrey, shule haifungwi, na mimi nimepata usingizi ambao sikuwa nao tangu ile keki ya kwanza.

Jumamosi iliyopita ilikuwa meza yake ya mwisho. Audrey ndiye aliyesimamia darasa, Mwalimu akakaa kati ya watoto kama mgeni, akawa anaomba chakula kwa jina na kwa adabu kama wengine. Nilimpikia ndizi za kwao na nyama. Mnajua tabia yangu, chakula kikiisha napita nyuma ya viti nikikagua sahani, na mwenye kubakisha ananisikia. Nikapita. Nikafika kwake. Katika sahani ya Mwalimu Gervas palikuwa na kipande cha ndizi, na mkono wake umelala mezani, haukitaki.

Nikamwangalia.

"Nimeshiba, Mama Mutai," akasema.

Sikumgombeza. Nilichukua sahani, nikaingia nayo jikoni, na kile kipande nikakila mwenyewe nimesimama, maana chakula changu hakitupwi.

Mwalimu, asante kwa watoto wetu na kwa wajukuu wangu. Nenda ukapumzike. Lala Jumamosi mpaka jua likuamshe, umeze dawa kwa wakati, umpigie yule bibi wa Yunnan umwambie hatimaye umejifunza. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na ziwe nyepesi. Ukitukumbuka, njoo saa ya chakula, nafasi yako mezani ipo. Chaki uziache nyumbani.

Mama Mutai, wa jikoni