Mwalimu Bishara Jatani na Herufi U

Mwalimu Bishara Jatani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kufundisha chekechea katika shule yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi kumi. Alianza Januari 1992 akiwa na watoto kumi na wanane na ubao mmoja uliopasuka katikati. Leo ni vigumu kupata nyumba kati ya hapa na Kulesa isiyo na mtu aliyeshikwa mkono na yeye alipoandika herufi yake ya kwanza.

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja wa kuwachangamsha wageni kabla ya chakula. Nilichaguliwa kwa sababu nafundisha darasa la kwanza, ambalo sasa tunaliita Gredi ya Kwanza, mlango wa pili kutoka kwake, tangu mwaka 2006. Kila Januari watoto wake hutoka kwake na kuja kwangu. Nilipomwendea kumuuliza angependa niseme nini, alinijibu kwamba nikiandika mazuri peke yake, basi nisiandike kabisa. Nimemtii. Wageni wetu watanisamehe.

Nianze na mazuri, kwa maana yapo. Mwalimu Bishara alizaliwa katika boma la wafugaji, nyuma ya Garsen. Baba yake, Mzee Jatani, alimpeleka shule kwa sababu alikuwa mtoto wa kuuguaugua na hangeweza kufuata ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipojua herufi a, akiwa amekaa na watoto wa nusu ya umri wake. Anasema aibu ile ndiyo iliyomfanya awe mwalimu wa wadogo. Cheti chake alikisomea Malindi wakati wa likizo, miaka mitatu, mtoto wake mwenyewe akiwa mgongoni.

Darasani kwake herufi ilikuwa kitu cha kushikwa. Siku ya s alilaza kamba ndefu ya katani uwanjani, akaipinda kama nyoka, na watoto wakaikanyaga pekupeku toka kichwa hadi mkia huku wakitoa sauti yake. Afisa mmoja wa elimu aliyekuja kutoka Hola kukagua alivua viatu na soksi akaingia kwenye mstari, nyuma ya mtoto wa miaka minne aliyekuwa akimwambia aende polepole. Siku ya o walibingirisha rimu za baiskeli. Siku ya k walikusanya vijiti vya mti wa mathenge vilivyokwisha kuchunwa miiba. Walichora herufi kwa kidole kwenye masinia ya mchanga, na wakachorana migongoni, aliyechorwa akikisia. Siku ya m waliunda herufi kwa punje za mahindi, wakazibandika kwenye maboksi kwa uji mzito, wakaanika nje. Mbuzi wa jirani wakaja wakala kazi ya darasa zima. Watoto walilia. Mwalimu Bishara aliwauliza aliyekula m anaitwa nani, na wote wakagundua kwamba mbuzi naye anaanza kwa m. Walicheka mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Waliokuja kwangu wakati ule walikuja na vidole vinavyojua. Niliwapa penseli, wakaandika. Niliamini kwamba ni kazi yangu mimi iliyokuwa nzuri.

Herufi u ilifundishwa mwezi wa sita, maji ya mafuriko yakishateremka na kuacha udongo laini kila mahali. Udongo huanza kwa u, na ukiuviringisha kama mkia wa panya unapinda wenyewe kuwa u. Kila mwaka Mwalimu Bishara aliuchimba mwenyewe pamoja na wazazi wawili, kwenye shimo lililo nyuma ya shule, mbali na maji, akaleta ndoo mbili darasani. Juni 2014 aliitwa semina ya siku moja Garsen, Jumatano. Hakupata nafasi ya kwenda shimoni. Jumanne, watoto wakitawanyika, aliwaambia kila mmoja aje Alhamisi na konzi moja ya udongo kutoka kwao.

Kahaso Iha alikuwa na miaka mitano. Alikuwa mtoto wa kurudia kazi hata ikiwa nzuri. Kamba ikilala vibaya, aliinyoosha baada ya wenzake kuondoka. Udongo wa nyumbani kwao una mchanga. Mama yake anasema aliuviringisha pale mlangoni mara tatu, ukakatika mara tatu. Jumatano mchana, wazazi wakiwa shambani, alichukua kopo la mafuta ya kupikia akateremka mtoni, pale wanawake wanapochotea maji, kwenye udongo ule mzuri.

Wanawake waliofika baadaye walikuta kopo ukingoni limejaa zaidi ya nusu, na tope lina alama ya kuburuzwa kuelekea majini. Mamba. Wanaume walitafuta kwa mitumbwi siku nne, na watu wa Kau, huko chini karibu na mlango wa mto, waliombwa waangalie upande wao. Hakikupatikana kitu cha kuzika. Katika nakala ya kwanza ya ukurasa huu niliandika neno "ajali" hapa. Mwalimu Bishara alilikata kwa kalamu nyekundu, wala hakuandika neno jingine badala yake.

Aliporudi kutoka Garsen jioni ile alikuta watu wamejaa ukingoni. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimvuta kando na kumshauri aseme kwamba watoto waliambiwa watoe udongo nyumbani, na ulikuwa ukweli. Nilifuatana naye mpaka nyumbani kwa kina Kahaso. Mama yake, Christine, alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Hakuwa analia bado. Alimtazama mwalimu.

"Mwalimu, ni wewe uliyemwambia alete udongo?"

"Ni mimi," Mwalimu Bishara alisema. "Ni mimi niliyemwambia."

Nilingoja amalizie. Hakumalizia. Baba, Mzee Iha, alituomba kwa adabu twende, tukaenda.

Barua kutoka ofisi ya elimu ilikuja baada ya wiki tano, ikisema mwalimu hana kosa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, na sijui aliiweka wapi. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshaondoa kila kitu darasani: kamba, rimu, vijiti, vizibo vya soda, vibuyu vya mbegu. Vya kuungua alivichoma nyuma ya jiko la shule. Masinia alinipa mimi. Kuanzia hapo alifundisha kwa chaki na kwa kuimba, watoto wakiwa wameketi, mikono juu ya meza ambapo angeweza kuiona.

Januari 2015 nilipokea kundi la kwanza la watoto wa aina hiyo. Niliwaomba waimbe irabu. Waliimba vizuri, a, e, i, o, wakafunga midomo kwa pamoja. Nilidhani wanaona haya. Nikawaomba tena, wakanyamaza palepale. Walipofungua vitabu, "kaka" walilisoma wakikimbia. Walipofika "kuku" walisimama na kunitazama.

Hakuwa amewafundisha u. Hakuifundisha mwaka ule, wala uliofuata, wala mwaka wowote baada ya hapo.

Sikumripoti. Nilifundisha u mimi mwenyewe wiki ya kwanza ya kila Januari, kwa chaki, haraka haraka, nikipita kama mtu anayepita penye mbwa. Afisa alipokuja kukagua nilihakikisha anaanzia kwangu, ili muda umwishie kabla ya kufika kwake. Watu wamenisifu kwa uaminifu huo, na mimi nimezikubali sifa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira. Watoto walikuja kwangu wakijua kuimba na wasijue kushika. Penseli zilianguka mikononi mwao. Kati ya wale waliopita katika miaka hiyo kumi na mmoja, karibu mia tatu, ninao walio Gredi ya Tano ambao bado wanafuata mstari kwa kidole, na wapo walioacha shule na kurudi kwenye ng'ombe na kwenye mashamba kabla ya kusoma barua moja hadi mwisho. Siwezi kusema ni kwa sababu yake. Siwezi kusema si kwa sababu yake.

Mwaka 2019 nilimwendea. Nilimwambia kwamba anawaadhibu watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Kahaso alipokufa. Kwamba nina masinia yake, nitayarudisha, tutaleta mchanga mkavu kutoka barabarani, mtoto hatatoka mlangoni. Nilisema mengi. Alinisikiliza akipanga madaftari.

"Mtoto asiyeijua u," alisema, "jioni anarudi kwao."

Tangu siku hiyo hatukulizungumza tena.

Yapo mengine ambayo ukurasa wa aina hii hutakiwa kuyataja. Mafuriko ya 2018 na ya 2023 yalipoingia madarasani alifundisha chini ya turubai kwenye kambi, huku kwake mwenyewe kukiwa hakuna paa. Hakukosa kazi hata siku moja isipokuwa alipozika mume wake. Alijua majina ya watoto wake wote na ya mama zao. Kila asubuhi aliwahesabu walipoingia, na kila adhuhuri aliwahesabu walipotoka, na hakuondoka mpaka wa mwisho achukuliwe na mtu wa kwao. Wazazi walimpenda kwa hilo. Wengi hawakujua limetoka wapi.

Mdogo wake Kahaso, Kazungu, hakuletwa kwetu. Anasoma Garsen na anakaa kwa shangazi yake.

Muhula huu, wiki ya pili ya Septemba, Mwalimu Bishara alikuja mlangoni pangu kabla ya kengele. Aliniomba niwaachie wanafunzi wangu kazi ya kuandika, nije nisimame mlangoni kwake. Hakusema kwa nini. Nilikwenda. Watoto ishirini na saba walikuwa wameketi mikono mezani. Alichukua chaki, akawaambia leo wataona herufi mpya, akageukia ubao. Mstari ulishuka vizuri, umenyooka. Ulipofika chini, mahali pa kupinda, mkono ukasimama.

Nilitaka kuingia, sikuingia. Watoto waliutazama ule mstari, wakaufikiria, na kwa kuwa ni watoto waliofundishwa kujibu wote pamoja, waliitika kwa sauti kwamba hiyo ni i, tena wanaijua.

Aliwageukia. "Ndiyo," aliwaambia. "Ni i."

Akaweka nukta juu yake, akawaimbisha.

Wakati wa mapumziko nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, anafuta chaki kwenye vidole kwa upindo wa buibui. Niliketi karibu naye mpaka kengele ikalia.

Tumeambiwa kwamba hakuna mwalimu mwingine wa chekechea atakayeletwa Januari. Watoto wake ishirini na saba watakuja kwangu kama kawaida, na wadogo watakaojiandikisha watakaa nao chumba kimoja, mwalimu mmoja. Sijui nitawafundishaje. Masinia bado ninayo. Yamepata kutu pembeni.

Kabla ya kupeleka ukurasa huu kuchapishwa nilikwenda kwa Mama Kahaso. Mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina jingine. Nilimkuta shambani akipalilia mpunga. Nilimweleza kwamba Mwalimu Bishara anastaafu, kwamba nimeombwa niandike, na kwamba siwezi kuandika bila kumtaja mtoto wake, lakini akikataa nitaacha. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akainua kichwa.

"Jina liandike lote," alisema. "Kahaso Iha. Hana kaburi, hana cheti. Halijaandikwa mahali popote."

Nilimuuliza kama atapenda kuja Ijumaa. Alisema ana kazi. Akainamia mstari uliofuata. Niliporudi na kumweleza Mwalimu Bishara, aliuliza swali moja tu, kama jina nimeliandika sawasawa, akasoma mwenyewe kuhakikisha.

Mwalimu Bishara, kwa niaba ya walimu wenzako, halmashauri ya shule, na watoto uliowahesabu kila siku wakiingia na kutoka, tunakushukuru. Asante kwa kamba na kwa rimu na kwa mahindi yaliyoliwa na mbuzi. Asante kwamba ulipoulizwa, ulisema ni wewe. Tulikaa nawe miaka yote hii na hatukujua la kukufanyia, na leo tunakuaga tukiwa bado hatujui. Unakwenda Garsen kukaa na dada yako Ubah. Mungu akupe afya, akupe miguu ya kutembelea wajukuu, na siku zako ziwe nyepesi kuliko ulizozimaliza hapa. Fika salama.

Hope Gunga
Mwalimu wa Gredi ya Kwanza