Nafasi Moja ya Kwenda Bukavu Kujifunza Kudarizi

Mgeni rasmi, Mama Mukansanga, msimamizi wa mradi uliotupatia mashine ya kudarizi. Wachungaji wetu, shefu wa kartie anayeongoza mtaa wetu, na majirani mliojazana dirishani.

KARIBU

Karibu Mulongwe, mama. Kunywa maji kwanza, maana tuna maneno, na mengine si matamu.

TULIKOTOKA

Ziwa lilipopanda likaingia majumbani, tulibaki na vipande vya vitenge. Tukaviunga vikawa mablanketi, na katikati ya kila kipande Mama Josée alidarizi ua kwa mkono. Bibi harusi wa huku hakutoka kwao bila blanketi la Josée. Watu walipoingia hapa walimsalimu yeye kwanza, sisi wengine baadaye. Alizoea hivyo.

Halafu mradi ukaleta mashine, na pamoja nayo Florentine, aliyejifunzia Bujumbura. Huyu anabana kitambaa kwenye fremu, anabonyeza, na ua linatoka huku yeye anakunywa chai. Mabibi harusi wote wakahamia kwake! Tusifiche, mama: Josée aliumia. Aliona wivu.

MAFANIKIO

Blanketi tunalokukabidhi leo lilianzwa Florentine akiwa matangani Katogota. Josée akaona nafasi yake ndiyo hii. Akaketi kwenye mashine, akatufukuza tuliotaka kumsaidia. "Minye nilishika sindano yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake," alisema.

Sasa, kazi ya mkono ina desturi yake: unakata vipande kwa kipimo, ndipo unadarizi. Josée akakata vyote. Kisha akavuta kila kipande ndani ya fremu hadi kikakaza kama ngoma, akakidarizi. Alipokitoa, lo! Kikajikunja, kikawa kidogo kuliko kipimo, na kila kipande kilipungua kwa namna yake. Alilia, na hakuwa analilia vitenge.

Florentine aliporudi hakumcheka. "Kwa mashine, mama, tunadarizi kwanza, tunakata kisha," alisema. Akazungushia kila kipande ukanda mweusi hadi vyote vikalingana. Unaona mwenyewe vinavyopendeza. Josée alituambia ingekuwa nafuu kama angemcheka, kwa sababu sasa hata makosa yake yanasifiwa kwa jina la Florentine.

CHANGAMOTO

Umeme unakatika ua likiwa nusu. Uzi mzuri unatoka mbali. Lakini lililotuvuruga kabisa ni ujumbe wako, mama, kwamba kuna nafasi moja ya mafunzo Bukavu, na atakayekwenda atarudi na mashine ya pili.

Tulikaa, tukamchagua Josée, kwa kuwa Florentine anajua tayari. Josée aliondoka hapa akiimba njia nzima. Florentine akaweka mkasi chini. "Kwa hiyo anayeharibu ndiye mnamutuma? Minye nimetengeneza kazi yake, halafu yeye arudi na mashine mupya kuliko yangu?" Tangu hapo hasemi na mtu.

MAOMBI

Tunaomba nafasi ziwe mbili. Wapande gari moja, walale chumba kimoja, wagombane huko huko Bukavu mpaka wachoke.

Ikishindikana, tafadhali usitaje jina la mtu leo. Tukuambie ukweli, hakuna kati yetu asiyeiota hiyo mashine ya pili, na anayekusomea risala hii ni mmoja wa wanaoiota.

Mwisho, ulitaka kuiona mashine ikifanya kazi. Ile pale chini ya kitambaa cheupe. Leo haitafanya kazi, mama, utusamehe. Fremu iko kwenye mkoba wa Florentine, mstari wa nyuma, na mkoba ameukalia.

Mungu akurudishe nyumbani salama. Na sisi atupe moyo wa kufurahia kazi ya mwenzetu, kwa maana kwa nguvu zetu tumejaribu, tumeshindwa.

Ni sisi,
Umoja wa Mama Washonaji wa Mulongwe, Uvira.
Imesomwa na Mapendo, katibu.