Alwyn Jevons, Mtu Aliyejaza Tangi Kabla ya Mkaguzi

Ndugu, jamaa na majirani wa mfereji, tunayemsindikiza leo ni Alwyn Jevons, mume wa Thirza, baba yake Rhoda, na kwa wengi wenu, Mwalimu. Alikuwa mtu wa maswali. Yeyote aliyewahi kunywa naye chai anajua kwamba chai ilipoa kabla maswali hayajaisha, na familia inawaomba msamaha wote waliochelewa makazini kwa ajili yake.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1946 mjini Tipton, mtoto wa tatu wa mzee Jabez Jevons, mfua minyororo, na mkewe Lettice. Nyuma ya nyumba yao ulipita mfereji, na hatua chache kutoka uani palikuwa na lango la maji, pale boti zinapopandishwa na kushushwa. Alipokuwa na miaka sita alitaka kujua maji ya lango yakifunguliwa yanatokea wapi. Akaichukua kofia ya baba yake ya Jumapili, akaitupa upande wa juu, akakimbia kuisubiri upande wa chini. Kofia ilitokea. Baada yake akatokea baba. Marehemu alikuwa akisema kwamba siku ile alipata majibu mawili kwa swali moja, na la pili alilisikia zaidi kwenye makalio.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tipton, akaingia sekondari mjini Dudley mwaka 1958, kisha Chuo Kikuu cha Birmingham, ambako alihitimu shahada ya fizikia mwaka 1968. Ripoti zake za shule zilifanana miaka yote: Alwyn anaelewa, lakini anachelewesha darasa.

Mwaka uliofuata alianza kufundisha fizikia katika sekondari moja ya Wolverhampton, akabaki hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Hakupenda cheo. Mara mbili alitakiwa awe mkuu wa shule, na mara mbili alikataa kwa hoja kwamba mkuu wa shule anaulizwa maswali tu, hana nafasi ya kuuliza. Wapo hapa leo mafundi umeme, wauguzi na dereva mmoja wa treni waliopita mikononi mwake. Wote wanakumbuka kwamba ukimuuliza kitu alikuwa anakurudishia swali lako likiwa limenenepa.

Thirza Gopsill alikutana naye kiangazi cha 1970. Thirza alizaliwa ndani ya chumba cha boti ya makaa ya mawe, akalelewa humo, na siku hiyo alikuwa ameshika usukani wa boti ya baba yake. Kijana Alwyn alikuwa akitembea kando ya mfereji, akaanza kufuatana nao.

"Samahani, dada," alisema, "mbona unasukuma mpini kushoto na boti inakwenda kulia?"

"Na wewe mbona una mikono miwili na yote iko mfukoni? Shika kamba hii."

Aliishika. Walifunga ndoa Tipton Jumamosi tarehe 14 Aprili 1973, na mwaka 1976 Mungu akawajalia Rhoda. Wakaishi nchi kavu miaka yote ya kazi yake, Thirza akivumilia kuta zisizotikisika. Aliposhika barua ya kustaafu, Alwyn aliuza nyumba wakanunua boti, wakaipa jina la mama mkwe wake, Tabitha. Majirani walishangaa. Yeye aliwaambia kwamba mke wake anarudi kwao na yeye anahamia ukweni, basi ni juu yake kuwa na adabu.

Kila baada ya miaka minne, kama tujuavyo sote tunaoishi majini, boti hukaguliwa usalama. Bila cheti hakuna leseni, na bila leseni huna pa kukaa. Wengi wetu wiki hiyo tunakuwa watu wa kukimbizana na kununua mipira mipya ya gesi dakika za mwisho. Kwa Alwyn ilikuwa sikukuu. Alianza wiki tatu kabla, akapiga magoti mbele ya kila kitu ndani ya Tabitha na kukiuliza swali moja. Aliiuliza betri, akauuliza mtungi wa kuzimia moto, bomba la moshi, king'ora cha hewa ya sumu: "Wewe ukikosea, utamuua nani?" Na hakuinuka mpaka ajue. Thirza alizoea kumruka akipita na sufuria.

Agosti 2024 alianza kupungua mwili. Madaktari walikuta kansa ya kongosho, wakasema haina tiba bali kutuliza maumivu. Alisikiliza, akauliza maswali yake, daktari akakaa naye karibu saa nzima. Aliporudi alimwambia mkewe kwamba anataka kufia botini, na kwamba cheti cha Tabitha kinaisha mwisho wa Novemba. Alizitaja habari hizo mbili pamoja, kwa sauti ile ile.

Rhoda, kwa mapenzi yake kwa mama, alikuwa ameshatafuta mahali. Palikuwa na nyumba za wazee Halesowen, chumba kizuri, ghorofa ya tatu.

"Mama, boti ya zamani ile. Ikianguka ukaguzi utaitengenezaje peke yako?"

"Ghorofa ya tatu nitasikia maji gani, mwanangu? Ya chooni?"

Rhoda alicheka, lakini hakuondoa jina la mama yake kwenye foleni. Thirza alilijua hilo. Alwyn naye alilijua, ndiyo maana ukaguzi ule haukuwa sikukuu tena.

Kufikia Novemba hakuweza kupiga magoti. Kitanda chake kilihamishiwa chumba cha mbele karibu na jiko la makaa, na Thirza ndiye aliyezunguka na tochi huku mumewe akiuliza kutoka kwenye mito. Mipira ya gesi ilibadilishwa. Betri zilifungwa upya. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Alhamisi kabla ya ukaguzi, Thirza alipofunua kijisanduku cha mitungi ya gesi, pale kwenye omo, mbele kabisa ya boti, akakuta maji. Aliyakausha. Baada ya chakula cha mchana yalikuwa yamerudi.

Mtoto wa boti akiona maji yanarudi hufikiria jambo moja tu, kwamba chuma kimeliwa na kutu na kimetoboka. Omo ya Tabitha ikitoboka ni kupandishwa nchi kavu, na kwa uzee wa boti ile huenda isishuke tena majini. Thirza alikwenda na kurudi na ndoo, akiwa ameficha uso.

"Thirza, unakausha nini huko mbele?"

"Umande tu."

"Umande gani huo unaohitaji ndoo?"

Ndipo alipokaa chini kitandani akalia, mara ya kwanza tangu Agosti. Alwyn alimshika mkono mpaka alipomaliza. Kisha, na wanaomfahamu hawatashangaa, macho yake yaling'aa.

"Yalianza lini?"

"Jana hayakuwapo asubuhi."

"Na jana tulifanya nini?"

"Hakuna. Nilijaza tangi la maji. Na Kuldip kaleta makaa."

"Mengine?"

"Kila mtu analeta makaa, mzee. Unaumwa."

Hapo ndipo alipocheka mpaka akakohoa. Desturi yetu mnaijua: boti ikiwa na mgonjwa wakati wa baridi, anayepita huacha gunia la makaa kwenye omo, habishi hodi, hangoji shukrani. Wiki ile walikuwa wamepita wengi. Magunia yalikuwa mbele, tangi lililojaa liko mbele, kitanda cha mgonjwa na jamaa wanaomtazama wote mbele. Tabitha hakuwa ametoboka. Alikuwa ameinamisha pua kwa huruma za watu, na tundu la kijisanduku, ambalo kazi yake ni kuimwaga gesi nje ikivuja, lilikuwa limezama chini ya maji.

Kuldip Sahota, jirani wa boti ya pili, aliitwa. Alipoelezwa alishika kichwa.

"Kwa hiyo makaa yangu ndiyo yalitaka kuwazamisha?"

"Yako na ya wenzako," alisema Alwyn. "Wewe usijipe sifa peke yako."

Magunia yakahamishwa nyuma, kwenye tezi. Thirza akafungua mabomba tangi likapungua mpaka nusu. Tundu likatoka majini, upana wa vidole viwili, likiwa kavu. Alifuta mikono, akaweka birika jikoni, akapakua njegere za kijivu na bekoni. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Mkaguzi angekuja Jumanne, angeona tundu kavu, angeandika cheti.

Alwyn hakugusa chakula. Alikuwa akitazama upande wa omo.

"Jaza tangi," alisema.

"Nijaze nini?"

"Tangi. Lijae kabisa."

"Alwyn, umeshiba dawa au umechoka na mimi? Wenzako wote wanamkaribisha mkaguzi na boti nyepesi. Tukianguka naondolewa hapa. Unataka nikapande ghorofa?"

"Nataka ujaze tangi."

Walinuniana usiku huo na siku iliyofuata. Katika ndoa ya miaka hamsini na moja walikuwa wamegombana mara nyingi, lakini si wakati mmoja wao ana siku chache, na Thirza mwenyewe amesema isomwe hivi hivi: alimkasirikia sana, na akajichukia kwa kumkasirikia. Jumamosi asubuhi alichukua mpira, akajaza tangi. Maji yakaja tena kwenye kijisanduku, mstari mwembamba tu, lakini yakaja.

"Ulikuwa unataka nione hili?" aliuliza.

"Gesi ni nzito kuliko hewa," alisema taratibu. "Ikivuja na tundu limeziba, inaingia ndani, inalala chini ya sakafu, inangoja kiberiti. Tangi utalijaza, Thirza. Kila mtu hujaza tangi wakati wa baridi. Siku hiyo mimi sitakuwapo kukuuliza maji yanatoka wapi."

Hapo ugomvi ukaisha.

Uzito uliobaki mbele ulikuwa matofali yaliyolazwa chini ya sakafu ili kuisawazisha boti, na sakafu yenyewe ilikuwa chini ya kitanda chake. Jumapili, baridi ikiuma, Kuldip na wenzake walimbeba Alwyn na kiti chake wakamweka kando ya mfereji, blanketi tatu na kofia mbili. Wakafunua sakafu, wakapokezana matofali kutoka omo hadi tezi, huku yeye akiwaambia kutoka kwenye kiti pua imeinuka kiasi gani. Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku ile, waliokwenda tezi na omo mpaka migongo ikawauma walirejea kwenye chai ya Thirza. Tundu lilikaa juu ya maji, tangi likiwa limejaa. Ilikuwa siku ya mwisho ya Alwyn kukaa nje, na alisema ilikuwa mojawapo ya siku zake njema.

Mkaguzi, Bwana Marchbank, alifika Jumanne tarehe 26 Novemba. Alipima gesi, akavuta betri, akasoma tarehe za mitungi ya kuzimia moto. Alwyn alimweleza habari yote ya maji na matofali bila kuulizwa, na Thirza alisimama mlangoni akiwa ameshika kitasa. Bwana Marchbank alikwenda mbele na tochi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliuliza jambo moja.

"Mzee, miaka yangu yote katika kazi hii sijakuta mtu aliyejaza tangi kwa ajili yangu. Kwa nini?"

"Kwa sababu atakayekaa humu si wewe wala mimi," Alwyn alimjibu.

Tabitha alipita. Cheti kipya ni cha mpaka Novemba 2028. Rhoda alikisoma mwenyewe, akampigia simu mtu wa Halesowen, akamwambia chumba kile wampe mwingine.

Alwyn aliendelea kuuliza mpaka Krismasi. Baada ya hapo alilala zaidi. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, kwenye chumba cha mbele cha boti yake, jiko likiwaka na mkewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Tunawashukuru wauguzi waliotembea kwenye tope la kando ya mfereji kila siku kuja kumhudumia, na kila aliyeacha gunia la makaa.

Ameacha dada, Keziah. Binti, Rhoda, na mkwe wake, Gareth. Na wajukuu wawili, Imogen na Josiah, ambao walimu wao wameanza kulalamika kuhusu maswali. Ameacha mjane, Thirza, ambaye baada ya maziko haya atarudi nyumbani kwake kulala.

Alwyn, pumzika salama. Mungu akupokee, na akuvumilie.