Mwanzi wa Bendera Uani kwa Mwalimu Odetha

Bisha. Bisha sasa hivi, maana nikimaliza hutakuwa na mdomo. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini macho yangu hayajawahi kufukuzwa darasani, na haya niliyaona nikiwa kwenye benchi la Anti Shairoon muuza kahawa, pale kwenye lango la mfereji: ng'ambo hii Wahindi, ng'ambo ile Weusi, kahawa katikati. Chotara kama mimi hukaa popote. Kwa Wahindi mimi Mhindi, kwa Weusi Mweusi, kwa wasichana vyote viwili.

Asubuhi hiyo pwani yote ya Demerara, hapa kwetu Guyana, ilikuwa na habari moja. Chama cha Wahindi kilikuwa kinatafuta mgombea mwenza Mweusi, na kimemwangukia Mwalimu Odetha, mkuu wa shule mstaafu, ambaye nyumba yake inatazamana na benchi letu. Baba Mhindi, mama Mweusi. Leo wanakuja kumpiga picha ya kumtangaza.

Meya, jina tu la utani, mzee Mweusi ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi, alisema chama kina akili.

— Haba na haba hujaza kibaba. Nusu huku, nusu kule, wamepata wagombea wawili kwenye kiti kimoja.

Budho, dereva wa trekta la miwa, akakataa. Walimpima damu mjini, akasema, ikatoka sawa kwa sawa, likabaki tone moja, na hilo tone ndilo vyama vinaligombania. Meya akaona basi Jumatatu atakuwa Mweusi, Ijumaa Mhindi, Jumapili wampumzishe. Budho akaapa kwamba tone lenyewe limefungiwa benki.

— Mficha uchi hazai, akamalizia, kana kwamba amefunga kesi.

Ndipo kijana wa chama akavuka daraja la mbao, shati limenyooshwa pasi mpaka linakata.

— Anti, niazime panga.

— La nini, mwanangu?

— Mwanzi ule wa bendera za ibada ya Kihindu, uani kwa Mwalimu. Unaingia kwenye picha. Wahindi tunao tayari, watu wanataka kumwona Mweusi.

Anti Shairoon akalikalia panga lake.

Mwalimu Odetha alikuwa ameshafika nyuma ya kijana, gauni la kanisani, ndara miguuni.

— Unajua nani aliusimika? akamwuliza.

— Marehemu baba yako, nadhani.

— Mama. Mwimba kwaya wa kanisani. Baba alipougua kifua, ndugu zake hawakukanyaga kwetu, kwa kuwa alioa ng'ambo ya Weusi. Mama akaenda kwa pandit, kuhani wa Kihindu, peke yake, akajifunza dua neno kwa neno, akakata mwanzi kwa mkono wake. Baba akapona. Tangu hapo kila mwaka unasimama mwingine.

Sote tukageuka. Zile bendera tumezizoea kama nguo zilizoanikwa. Lakini upepo wa baharini ukazinyanyua, nyekundu na njano, zimepauka kwa jua, zikasimama wima juu ya paa, na mimi mwili ukanisisimka mpaka kisogoni.

— Sasa niambie, Mwalimu akasema taratibu. Nikiukata ule mwanzi, nimemkata baba au mama?

Kahawa ikafurika ikazima moto, na hakuna aliyeinuka.

— Mwambie mkubwa wako, bendera zikitoka, nami natoka.

Kijana akasogea pembeni na simu. Aliongea sana, macho kule juu. Aliporudi hakutaka panga tena. Alivua viatu langoni kwa Mwalimu, akapiga magoti na kamera, ili mwanzi wote uingie. Jioni redio ikamtaja Mwalimu: mgombea mwenza.

Haya, bisha.

Ila kuna kipande nimekiruka. Lile swali, Mwalimu alipoliuliza, hakuwa anamtazama kijana. Alikuwa ananitazama mimi. Ni mama yangu mzazi. Ndiyo, mtoto wa mkuu wa shule ndiye huyu aliyekimbia shule. Nimelala chini ya bendera zile tangu nizaliwe, nikijigamba huku Mhindi, kule Mweusi, wala siku moja sikumwuliza nani alizisimika.

Lakini mwanzi mpya wa mwaka huu nimeukata na kuusimika mimi.