Jiko la Priscila pale Benaco

Basi halijatoka vizuri Ngara mjini, Clotilda alishajua safari ya mzee Protasi aliyekaa mbele yake. Mzee hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa anakwenda Benaco, kwenye njiapanda ya barabara za Rwanda na Burundi, kumrudisha binti yake Priscila nyumbani Mugoma, aache kupikia madereva wa malori.

"Leo dereva anakuahidi ndoa, kesho yuko Kigali na mkewe," alimwambia jirani yake wa kiti.

Jirani huyo, Adelfina, alikuwa na duka Runazi. "Shikamoo tena, baba, maana nataka kukubishia."

"Marahaba. Bisha."

"Zamani maharage yetu yalimsubiri mchuuzi atupangie bei. Leo watu wa Bujumbura wanasimama wenyewe kula chakula chetu. Hiyo si heshima?"

"Wanasimama? Siku hizi mpakani wanamaliza upesi, wanapita kama upepo. Wasiposimama kabisa, atampikia nani?"

Clotilda aliona hapo mzee amempata. Adelfina akajiweka sawa kitini, akasema, "Atawafungia chakula kwenye majani ya mgomba, wale njiani. Binti wa Mugoma anayepika ndizi na maharage, si ndiye? Nakula kwake kila nikipita. Madereva wanamwita Mugoma. Kijiji chako kinatajwa mpaka Bujumbura, baba."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza alishusha sauti, na Clotilda ikabidi ainame mbele ili asikie.

"Anapika vizuri?"

"Benaco! Wa Benaco washuke!" konda aliita.

"Nenda ukale kwanza," Adelfina alimwambia, akimpisha. "Ukishiba ndipo umfokee."